Usipa wa Daktari

Jumatano, Lipingo

Kosa ni la Daktari. Mimi ni mfanya usafi tu wa jengo la utafiti. Yeye ndiye aliyebandika karatasi kwenye mlango wa maabara: USIPA SAFISHE.

Eti alitaka kusema nisipasafishe. Ningejuaje, na ndani kuna beseni zima la usipa, vidagaa vya ziwani? Nikawatoa matumbo mmoja mmoja, nikawaosha, nikawatia chumvi.

Daktari akanikuta nawaanika dirishani. Hata shikamoo hakunipa.

“Mama Tuse, matumbo ya samaki yako wapi? Ndiyo ninayoyachunguza!”

“Nimeyatupa, mwanangu.”

Nikajua kibarua kimeota nyasi. Akaisoma karatasi yake mara mbili, akaibandua, akaondoka nayo.

Jioni kaleta usipa wengine, na karatasi mpya: USIPA GUSE.

Nimewagusa. Mmoja tu, nisionekane mkaidi.