Kati Tunajumlisha, Umbali Tunatoa

Kwa hiyo hapana, mume wangu kipenzi, sikulaumu kwa ulichosema juzi kabla simu haijakatika. "Mke wangu, hii kati yetu haipo." Nilibaki nimesimama pale panaposhika mtandao, juu ya shamba la karoti, upepo unanipiga, nikacheka huku machozi yananitoka. Maana kati ya watu wote duniani, wewe ndiye hupaswi kabisa kuzungumzia kati.

Umesahau kidato cha tatu? Madamu wa hesabu alikuita ubaoni utafute nukta ya kati ya mstari unaotoka (4, 10) kwenda (10, 2). Ulikwenda kwa mwendo ule wa kujiamini ninaoupenda mpaka leo. Kumi toa nne, sita, gawa kwa mbili, tatu. Kumi toa mbili, nane, gawa kwa mbili, nne. Ukaweka nukta yako kwenye (3, 4), ukapangusa chaki, ukatugeukia kama mbunge aliyeshinda. Nukta ilikuwa nje kabisa ya mstari, imekaa peke yake kama yatima.

"Elia," Madamu akasema, "hii nukta yako imetoroka shule?"

Darasa zima likavunjika mbavu, na jina la Mtoro likakuganda mpaka tunamaliza. Nikainuliwa mimi nikusahihishe. "Kati tunajumlisha, umbali tunatoa," nikasema. Nne jumlisha kumi, kumi na nne, nusu yake saba. Kumi jumlisha mbili, kumi na mbili, nusu yake sita. Nukta ikatua (7, 6), katikati ya mstari, na wewe ukanong'ona, "Kumi na mbili ni kumi na mbili, hata bibi yangu anajua hiyo." Nilitamani kukupiga na kifutio! Kisha Madamu akaichukua sita yako na nane yako, akasema hazikuwa makosa, zilikuwa za swali jingine. Sita mara sita, thelathini na sita. Nane mara nane, sitini na nne. Jumla mia, kipeuo chake cha pili kumi. "Huo ni umbali," akakuambia. "Umeulizwa kati, wewe umeanza kupima umbali."

Jioni ile ulinisubiri nje ya darasa. "Wewe ni nne, kumi," ukaniambia. "Mimi ni kumi, mbili. Tukutane saba, sita."

"Hata namba za kunitongozea umekopi ubaoni?"

"Nimekopi kwako."

Mungu wangu, Elia! Hapo ndipo niliolewa. Hayo ya kanisani yalikuwa uthibitisho tu. Na siku yenyewe ulivyopendeza! Ulipanda kutoka barabarani mpaka misheni suti imelowa jasho, wamama wa ukoo wetu wanakuimbia, wanakutania eti mtu wa tambarare hana mapafu. Mama alikuwa anacheza mbele ya wote. Sikujua ndiyo mara ya mwisho kumwona akisimama bila kushikwa.

Kiharusi kilimpata hata nguo zangu sijazipanga kwako. Nikarudi huku Mgeta kumuuguza, nikisema ni kwa muda. Sasa kila asubuhi namgeuza, namwosha, namlisha uji. Maneno yamemwisha, limebaki moja: "Nenda." Nikimpa kijiko, "Nenda." Nikimfunika, "Nenda." Mjomba anasema ni ugonjwa tu, hajui anachosema. Mimi namtazama macho, sijui kama ananituma mtoni au ananituma kwako.

Tulijaribu, si tulijaribu? Tulifungua ramani ya simu tukavuta mstari kutoka kwako Turiani mpaka huku kwetu, tukatafuta kati kama watoto wa shule. Ikaangukia vichakani, kaskazini ya Kihonda, hapana hata kibanda. Ukasema tusogee kidogo, Kihonda kuna vyumba vya kupanga. Tukawaita wazee kwa dada yako palepale Kihonda, tukiwa na furaha kama tumegundua dawa.

Baba yako hakumaliza hata chai. "Sisi tulitoka Kigoma kuja kukata miwa, na wake zetu tulikuja nao. Mke analala kwa mumewe. Hayo ya Kihonda ni ya wachumba."

Mjomba naye akavuta kiti. "Mkwe wangu, kwetu shamba ni la mama na mtoto ni wa mama. Huyu ndiye binti pekee aliyebaki wa lukolo letu, ukoo wetu. Akiondoka, ile nyumba nani ataiwashia moto? Mwanao aje, tutampa shamba. Tunao wakwe wengi tu huku wanaolima na wananenepa."

"Aache kazi ya kiwanda cha sukari akalime kabichi?" baba yako akadakia.

"Kabichi ina ubaya gani? Sukari hailiwi na ugali."

Dada yako alicheka, sisi hatukucheka. Nilikuwa nawasikiliza nikakukumbuka wewe ubaoni. Waliulizwa kati, na kila mmoja alikuwa anatoa. Toa mama. Toa kazi. Toa ukoo. Wala sikuweza kuwasahihisha, kwa sababu nilipojaribu kujumlisha mwenyewe, sikuona cha kujumlisha. Mama hawezi kubebwa mpaka Kihonda. Wewe zamu hazikuachii. Hicho chumba kingekuwa cha nani? Kingekaa mbali na wewe, mbali na mimi, kimefungwa kufuli.

Nakupenda kuliko nilivyowahi kuandika popote, na sioni njia. Nimeitafuta nikipalilia, nimeitafuta nikisali. Mama akiendelea kuishi, sitakuja kukaa kwako. Na siwezi, Elia, siwezi kuomba kinyume chake.

Lakini mwezi huu hautaisha sijakuja. Binamu yangu Tekla amekubali kukaa na mama Jumamosi na Jumapili. Nitakuja mpaka Turiani, mlangoni kwako, baba yako akipenda asipende kwamba nitarudi huku kwa mama. Usininunulie chochote. Nataka nilale kwenye ile nyumba ya wenye ndoa waliyokupa kiwandani, niamke, nione jua linaingilia dirisha gani, ili nikiwa huku nijue linakugusa wapi unapoamka.

Mkeo, ambaye huku mlimani bado wanamwita bibi harusi