Sajini wa Mlango wa Sinagogi

Baba Tirza,

Weka sufuria ya maharage kwenye jiko la umeme kabla jua halijazama. Taa ya choo usiizime, maana Sabato ikiingia haturuhusiwi kuiwasha. Sabato iliyopita tulipapasa gizani mpaka Jumamosi jioni.

Miaka sita nimemwomba Inspekta Doyle anipe mapumziko ya Jumamosi, niende sinagogi. Leo asubuhi kanipigia kwa furaha: "Sajini Zipora, nimekusikia! Kesho unalinda sinagogi lenu. Si ndiko ulikotaka kwenda?"

~~Mwambie Tirza asubiri wiki ijayo kusoma Torati kwa mara yake ya kwanza.~~ Hapana, asome kesho. Mimi nitakuwa nje na bastola kiunoni, nikipekua mikoba ya dada zako wa Montreal.

Tirza mwanangu, Torati haisomwi kwa kunong'ona. Mlinzi haruhusiwi kuacha mlango wazi. Nitauacha wazi kidogo.

Mama