Siku Baba Aliponipigia Saluti

Kitengela, Jumatano, 15 Agosti 2007

Baridi ya leo ni ile ya Agosti ya huku kwetu, mawingu yako chini na upepo umejaa vumbi, ukitoka nje unajuta. Niko saiba, duka la intaneti, hapa karibu na steji ya matatu, nimevaa makoti mawili na bado vidole vinagoma kuandika. Lakini nisipoandika leo nitaanza kujidanganya kesho, na kazi ya kujidanganya naijua vizuri.

Basi naanza na ukweli. Kwa miaka kumi na miwili nimemnunia baba yangu mzazi, na leo nimegundua nilikuwa nanuna bure.

Bure kabisa.

Nikiwa mdogo, kila tarehe kumi na tano Agosti ilikuwa sikukuu ya boma letu peke yake. Watoto wa majirani walikuwa na Krismasi, sisi tulikuwa na Krismasi na Bama. Ndiyo siku Wajapani waliposalimu amri, na baba alikuwa huko Bama, yaani Burma, koplo katika jeshi la mkoloni, kwenye msitu ambao mvua yake haikukatika. Mimi nilidhani Bama ni mahali mbele kidogo ya Namanga, kwa sababu majina yanafanana na kwa sababu ukitoka Kajiado barabara inaelekea huko. Nilishamwuliza mama mbona baba hatupeleki kuwasalimia Wajapani, na ni jirani. Mama alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

Hakuna mtu aliyewaita baba na wazee wenzake wa vita kwenye gwaride. Walijiita wenyewe. Walikusanyika uwanjani Kajiado, karibu na reli, Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu wawili watatu, kila mmoja na koti lake la zamani na medali zake. Tarumbeta hawakuwa nayo. Mzee Mutiso, rafiki ya baba tangu Bama, alikuwa anapiga tarumbeta kwa mdomo, mashavu yamevimba, na haki ya Mungu ukifumba macho ungedhani ni ya shaba. Halafu baba anapaaza sauti, "Lefti! Raiti! Lefti!" na wazee wanazunguka uwanja, mbuzi wa watu wakikimbia huku na huku.

Mimi nilikuwa mshika koti. Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma ya baba kutoka nyumbani nimelibeba kwa mikono miwili, lisikunjike, kwa sababu alikataa kulivaa njiani lisije likaingia vumbi. Nilijiona mkubwa kuliko mkuu wa wilaya. Nataka niseme wazi hapa: sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku nilipovishwa nyota zangu.

Wakimaliza, wazee walikunywa chai kwetu, na baba aliwasimulia upya mambo ambayo wote walikuwa wameyaona kwa macho yao. Hakuna aliyemkatiza. Mutiso alikuwa anarekebisha tu, "Hapana, siku hiyo haikuwa Jumanne."

Nilipomwambia baba nataka kuingia jeshini, alinyamaza siku nne. Sijui kama mtu wa kwingine anaweza kuelewa siku nne za baba yangu. Alikula, alienda kwa ng'ombe, alirudi, alilala. Siku ya usajili hakunisindikiza, alinisindikiza Mutiso. Mimi nikaweka hilo moyoni. Nikasema, sawa, mzee hataki binti mwanajeshi, na mimi nitakuwa mwanajeshi kabisa.

Sasa nifike mwaka ule wa tisini na tano, vita vilipotimiza miaka hamsini tangu viishe.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, kambi yetu ilikubali kutuma askari wachache Kajiado kusimama na wazee. Nilikuwa luteni. Niliomba niwe miongoni mwao na nikakubaliwa. Wazee walikuwa wamebaki saba. Walizunguka uwanja mara moja badala ya tatu, magoti hayakutaka zaidi, halafu wakapanga mstari, na sisi maafisa tukapita mbele yao mmoja mmoja kuwapa mkono.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana najua wasomaji wangu wengine wametoka mbali. Kwetu Wamaasai mtoto hampi baba yake mkono. Anainamisha kichwa, na baba anaweka kiganja juu ya utosi. Binti hazeeki kwa hilo. Awe ameolewa, awe na watoto watano, akifika kwa babake anainama. Kile kiganja ndicho kinakuambia wewe ni wa hapa. Mimi nilikuwa nainama kila nikienda nyumbani, hata baada ya zile siku nne, na kiganja kilikuwa kinakuja.

Basi nilipofika mbele ya baba, sikufikiria. Mwili ulifikiria wenyewe. Niliinamisha kichwa, na bereti yangu kichwani, mbele ya askari wangu wote.

Nikangoja.

Kiganja hakikuja.

Nilipoinua macho, baba alikuwa amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye ukingo wa kofia. Alikuwa ananipigia saluti. Macho yake hayakunitazama, yalitazama juu ya kichwa changu, mbali huko, jinsi askari anavyofundishwa. Kwangu yalikuwa macho ya mtu asiyenijua. Askari mmoja nyuma yangu alicheka kidogo puani.

Niliyoyafikiri pale yalikuwa ya haraka na mabaya. Kwamba ameninyima kiganja hadharani. Kwamba ananiambia, wewe si mtoto wangu, wewe ni mtu wa serikali, chukua salamu yako ya serikali uende. Nikaondoka. Nilienda kwa mzee aliyefuata nikampa mkono, nikamaliza mstari, nikapanda lori, na nililia tangu Isinya mpaka kambini, nikiwadanganya wenzangu eti ni vumbi.

Tangu siku hiyo sikuinama tena. Mama alipofariki nilikuja, nikazika, nikarudi siku hiyohiyo. Krismasi nilikuwa nafika saa moja, nanywa chai na mke wa kaka yangu, na baba nilimpa mkono kama mgeni aliyekuja kuuliza bei ya ng'ombe. Aliupokea. Hakuuliza kitu. Nikasema moyoni, unaona, hata hajali. Jeshi nililiacha miaka minne iliyopita, nikafungua duka la dawa za mifugo hapa Kitengela. Kutoka hapa hadi kwake ni mwendo wa saa moja. Nawauzia watu wa Kajiado dawa ya kupe kila wiki, na kwa baba siendi. Mtu akiuliza nasema kazi ni nyingi.

Kiburi tu, na hasira niliyoilisha mwenyewe.

Jana jioni mke wa kaka, Mama Sein, alinipigia. "Mzee amelazwa, si mbaya sana, ni kifua. Lakini kaka yako ako Namanga na ng'ombe na mimi kesho niko na wageni wa kanisa. Kuja tu umkalie." Nilitafuta sababu ya kukataa. Sikuipata haraka ya kutosha, nikajikuta nimesema ndiyo. Hata tarehe sikuikumbuka mpaka nilipofika Kajiado asubuhi na kuiona kwenye kalenda ukutani pale zahanati. Kumi na tano Agosti, na hakuna mzee hata mmoja uwanjani. Mutiso tulimzika mwaka juzi. Wa Bama amebaki baba peke yake.

Alikuwa amelala. Muuguzi wa zamu, Sista Halima, mama mmoja mchangamfu ambaye kwao ni Garissa, aliniuliza mimi ni nani wa Mzee. Nikasema mimi ni binti.

Akapiga makofi. "Wewe ndio ule msichana wa saluti!"

Nilimwuliza saluti gani.

"Wacha! Hiyo stori ameniambia mara tatu tangu jana. Daktari pia ameambiwa. Hata yule mama wa kufagia anaijua." Akavuta kiti, akakaa, akaanza kunisimulia maisha yangu. "Anasema yeye alikuwa koplo, na koplo lazima apigie luteni saluti hata kama ni yeye alimzaa. Anasema aliona nyota mbili kwa bega yako, akasema, ile vita ya Wajapani tulishinda tukiwa watu wengi, lakini hii ya leo nimeshinda mimi peke yangu."

Nilitaka kumwambia anyamaze. Akaendelea.

"Nikamwuliza, sasa huyo msichana huja kukuona? Akasema huwa unafungwa na kazi. Akasema ukija unampa mkono, sababu afisa hainami. Mzee anajua sheria, aki!"

Kumbe. Miaka kumi na miwili mimi nampa mkono nikidhani ninamchoma, na yeye anaupokea akidhani ni cheo. Na zile siku nne za kunyamaza, Halima alikuwa na habari zake pia. Baba alimwambia kwamba nilipotaja jeshi, kila akifumba macho aliniona mimi kwenye ule msitu, na mvua, na akaogopa kufungua mdomo asije akalia mbele ya mtoto. Muuguzi wa zamu moja anamjua baba yangu kuliko mimi.

Halafu akaniambia la mwisho, akicheka kwa raha. "Na wewe ukamrudishia! Anasema ulisimama, ukarudisha saluti safi kabisa, mkono hautetemeki, mpaka wale wazee wengine wakatoa machozi."

Nikatoka nje. Nilimwambia naenda kutafuta maji.

Sikurudisha.

Asiyekuwa jeshini anaweza asielewe, kwa hivyo naandika wazi. Wa cheo cha chini akipiga saluti, hashushi mkono mpaka wa juu amjibu. Mimi niligeuka nikaenda kwa mzee aliyefuata. Baba alibaki pale, umri wake miaka sabini na tatu, mkono kwenye kofia, mbele ya rafiki zake sita na askari wa binti yake, akingoja kitu ambacho hakikuja. Sijui aliushusha saa ngapi. Sijui Mutiso alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba alirudi nyumbani na kuwaambia watu kwamba nilijibu, na ameendelea kusema hivyo miaka yote hii, kwa kila mtu, ili nisiwe na aibu. Na wale wazee sita waliona kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyemrekebisha. Hata Mutiso, ambaye alikuwa anarekebisha hata Jumanne.

Niliporudi ndani alikuwa macho. Amekuwa mdogo, baba yangu, shingo imebaki nyembamba ndani ya sweta.

"Takwenya," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Iko, Papa."

Nikainama. Sikujipanga, niliinama tu pale kando ya kitanda, na kiganja kikaja, kizito na cha moto kwa sababu ya homa. Kilikaa pale muda mrefu. Nililia kwenye blanketi la zahanati na safari hii sikusingizia vumbi.

"Umepewa ruhusa?" akauliza. Ameambiwa mara nyingi kwamba nilitoka jeshini, lakini siku hizi mambo mengine hayakai.

"Nimepewa, Papa."

"Siku ngapi?"

"Nyingi."

Akaridhika, akalala tena. Nilikaa hadi saa kumi nikimtazama anavyopumua, na mara mbili nilisimama wima miguuni pa kitanda, nikatayarisha mkono, na mara mbili nikaketi. Sababu niliyojipa ni kwamba sina bereti. Vifaa vyote nilirudisha nilipoacha kazi, na saluti haipigwi kichwa kikiwa wazi. Ni kitu cha kwanza kurutu anafundishwa. Yeye mwenyewe alinifundisha kabla ya jeshi, nikiwa na miaka sita, nimebeba koti lake.

Sababu ya kweli ni woga. Nikijibu leo, nitakuwa nimekiri kwamba siku ile sikujibu, na labda ameshaamini hadithi yake. Nina haki gani ya kumharibia? Nimejiuliza hilo barabara yote, Isinya hadi hapa. Lakini kama haiamini, basi mkono wake bado uko juu, na aliyemweka hivyo ni mimi.

Duka halitafunguliwa kesho. Nitaondoka na gari la kwanza. Nitamngoja aamke, nisimame mbele yake, nipige saluti kichwa wazi, kinyume cha sheria yote aliyonifundisha. Atanigombeza. Atauliza bereti iko wapi, luteni gani huyu. Na anigombeze mpaka achoke, mimi mkono sitaushusha mpaka aniambie.