Nyuzi za Kelestini

Idete, 2 Juni 2024

Shemeji Yoramu,

Salamu nyingi kutoka bondeni. Sisi wazima, mpunga tumeshavuna, ila mkono wangu wa kushoto tangu kile kiharusi cha Januari bado haushiki hata kikombe. Habari za Mbeya na baridi yake? Ukiwa ziarani simu hupokei, nakujua, ndiyo maana naandika.

Nimesikia Alex ndiye anayepiga gitaa langu. Sina kinyongo, kijana anajua. Ila kuna jambo lazima nikiri. Kwa miaka tisa, kila sauti yako ilipopungua, nilishusha nyuzi zote kidogo kabla ya onyesho, ili wimbo ushuke ukufuate. Wenzetu wa besi na kinanda walinifuata, na sasa wote wameshaacha bendi. Ulikuwa unaimba ukidhani bado uko palepale pa ujana. Hatukutaka ujione mzee. Alex hajui, yeye anakaza nyuzi kama zilivyo kwenye kaseti zetu za kwanza. Mwambie ashushe, la sivyo utapasua koo.

Shemeji yako,
Kelestini

Mbeya, 19 Juni 2024

Kelestini,

Barua imefika. Mimi mzima.

Kwa hiyo miaka yote hiyo mlikuwa mnanilea kama mtoto? Mnakonyezana nyuma yangu, mimi mbele nimetanua kifua? Walipotuambia bondeni hakuna atakayesikiliza roki, si wewe uliyesema sauti yangu itawanyamazisha? Heri ungenitukana. Nitaimba juu, pale pa zamani, mji hadi mji, mpaka Ifakara. Uje uone.

Yoramu

Idete, 21 Julai 2024

Shemeji,

Hujambo? Safari hii nauliza kwa kweli, siyo kwa desturi. Noela kaniambia leo asubuhi kwamba unatema damu. Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako, na kwenye simu alilia mpaka salio likaisha.

Nilikosea, ningekuambia siku ya kwanza. Niliogopa utaacha kuimba, nami ningempigia nani gitaa? Nakuomba uahirishe onyesho la Songea. Ifakara nitakuja mwenyewe. Alex abonyeze nyuzi, mimi nizipige kwa mkono mzima, watu wawili kwenye gitaa moja, chini kabisa, polepole. Watu wa kwetu hawatatucheka. Wakicheka, basi watucheke wote.

Shemeji yako asiye na hasira,
Kelestini

Ifakara, 27 Agosti 2024

Shemeji Kelestini,

Pole na mkono. Mimi si mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Jumamosi nilikuona safu ya mbele, umevaa koti la bendi. Sikukuita jukwaani, kiburi kilinishika. Lakini kabla ya wimbo wa kwanza nilimnong'oneza Alex, "Shusha." Akashusha. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Hata huko chini, shemeji, haikutoka. Watu wakadhani spika zimekufa, wakawapigia mafundi kelele. Wewe peke yako uliinamisha kichwa.

Jana daktari amesema sitaimba tena, na hata kuzungumza ni majaliwa. Ulichonitunzia miaka tisa nimekimaliza kwa miezi miwili. Naumia, na sina wa kumlaumu.

Jumapili tunakuja Idete na Noela. Usishangae nikiingia kimya. Hata habari za nyumbani sitaweza kukuuliza.

Shemeji yako,
Yoramu