Asilimia Themanini na Tisa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ingawa nakuandikia kwa dakika za kuiba, maana mtu wa nafasi yangu hana muda wake mwenyewe. Siku hizi mtaani kwetu hata fundi wa umeme hapandi nguzo kabla hajapita kwangu kuchukua ushauri. Lakini hayo nimeyaweka kando ili nijue hali yako. Mgongo umepoa? Huko kwenye ufuaji wa mashuka ya hospitali wamekupunguzia zamu za kusimama? Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyo nakuja nayo. Ningepiga simu, ila kwenye simu ungenikatiza, na haki ungekuwa nayo.

Ni habari ya mwanao. Ile michezo ya kompyuta uliyokuwa ukiita upuuzi ilimfikisha mbali. Timu moja ya wachezaji wa mashindano, watu wenye mkataba na mshahara wao, ilimwona akicheza mtandaoni ikamwita kwenye majaribio, Jumamosi saa nane mchana. Nafasi ilikuwa moja. Sharti nalo moja, awe na toleo jipya la mchezo, kwani mwenye la zamani haingii uwanjani. Toleo lilitoka Jumatano, zito ajabu. Akaanza kulipakua siku hiyo hiyo, akaniambia Alhamisi asubuhi litakuwa limekwisha.

Alhamisi asubuhi lilikuwa asilimia kumi na tisa.

Hapo nikaitwa. Tuseme nilijitokeza. Nikamweleza kwamba mimi, nikiwa kijana, nilinasa mawimbi ya nchi tatu kwa kifuniko cha sufuria, mpaka mtangazaji mmoja akanisalimia hewani. Akasema, Mjomba, hiyo ilikuwa redio. Nikamjibu mawimbi ni mawimbi, kama maji yalivyo maji, yawe ndooni yawe tangini.

Mwenyewe alifanya kazi ya maana. Aliitoa ruta nyuma ya friji akaiweka juu ya kabati, akavuta waya kutoka hapo hadi kwenye kompyuta yake, tukawa tunauruka ukumbini. Akazima televisheni, akazima simu yake. Alfajiri mzigo ulikuwa ukishuka mbio, lakini kila ikifika saa tatu asubuhi ulianza kukokota miguu, na hakuelewa kwa nini. Mimi nikaiwashia ruta feni ipoe. Kisha nikapanda juu ya bati na ringi ya baiskeli kuvuta mawimbi, nikashuka na suruali imechanika matakoni. Akaniomba, kwa adabu zake zote, nikapumzike.

Ijumaa alitaka kubeba kompyuta aende kwa rafiki yake mwenye mtandao wa kasi. Nikamkatalia. Nikasema ni aibu gani hiyo, mpwa wa mtaalamu kwenda kuomba mtandao kwa watu.

Jumamosi saa nane ilimkuta kwenye asilimia themanini na tisa. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, mikono mapajani, akiitazama ile namba. Robo saa baadaye wakamwandikia kwamba wamemchukua mwingine. Hakulia. Nilitamani alie. Aliuzungusha ule waya kwenye kiwiko kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo, akasema kosa ni la kompyuta yake, imezeeka, na yeye alijipa matumaini yasiyo yake. Sasa anafunga chupa kiwandani. Akirudi anakula, anaosha sahani yake, analala. Ananiamkia vizuri kila siku, na hiyo shikamoo yake ndiyo inayonimaliza.

Dada, kompyuta haikuwa na kosa.

Miezi miwili nyuma nilikuwa nanyolewa kwa kinyozi, tunayepakana naye ukuta. Nilikuwa naeleza habari za mtandao. Yule bwana, wembe ukiwa shingoni mwangu, akasema maneno yangu yangekuwa waya, mtaa mzima ungekuwa na waifai. Watu wakacheka hadi mmoja akateleza kwenye benchi. Iliniuma. Nikachukua sabuni ya kunyolea nikaiandika paswedi yetu kwenye kioo chake, nikawaambia watumie, ni zawadi kutoka kwa mwenye mtandao. Tangu siku hiyo kinyozi, wateja wake, fundi cherehani na wote wanaokaa benchi lile kutazama video wanakula mtandao wetu. Duka linafunguliwa saa tatu asubuhi. Ile Alhamisi nilipiga simu kwa kampuni ya mtandao, wakaniuliza ni vifaa vingapi vimeunganishwa. Nikajibu viwili, kwa sauti ya kitaalamu.

Mwanao hajui. Nimemwacha ajilaumu, mimi mtu mzima. Mara tatu nimekaa naye mezani nikafungua kinywa, kikatoka kisa cha sufuria.

Wasalimie wenzako wa zamu, na uukande mgongo kwa maji ya moto. Ukimaliza kunitukana, nakuomba umpigie umweleze yote, halafu umwambie abadilishe paswedi. Hata hivi ninapoandika nawasikia benchini wakicheka video zao. Utauliza kwa nini sikuwafungia tangu Alhamisi ile, nikaona heri nipande juu ya bati. Ingebidi nimwombe mwanao aibadilishe, naye angeuliza sababu, kwa kuwa paswedi inabadilishwa vipi, dada, mimi sijui.

Ni mimi mdogo wako