Fundi wa Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 3 Machi
Pikipiki nne kabla ya chai. Mbili cheni, moja breki, moja imekula tope mpaka gurudumu la nyuma halizunguki. Mvua imeanza mapema, na huu udongo mweusi wa Kitengela ukishika chuma hauachi. Lakini ni kazi. Silalamiki.

Saa tisa na nusu nimeacha spana chini, nikakimbia shule kuchukua watoto. Lemayian ana miaka mitano, ukichelewa analia. Sanaipei ana tisa, yeye hununa tu. Nikarudi nao kibandani, nikamalizia kazi.

Jioni Kioko wa boda amerudisha yake. Cheni imelegea. Nilimfungia Ijumaa. Amesema kwa upole, "Mama Sana, hii kitu hukukaza."

Nilikaza. Najua nilikaza.

Yule fundi mpya wa ng'ambo ya barabara, Kasaine, alikuwa amesimama mlangoni kwake anatutazama.

Jumatano, 5 Machi
Ingine tena. Nati ya ekseli ya nyuma, inazunguka kwa vidole. Mwenyewe ameiona akiweka petroli. Hajanipigia kelele, lakini nimemwona akivuka kwenda kwa Kasaine.

Miaka saba niko kwa hiki kibanda. Walinicheka ati mwanamke anafungua injini, wakachoka kucheka, wakaanza kuleta pikipiki zao. Miaka saba hakuna nati iliyolegea. Huyu amekuja Januari.

Si lazima mtu awe na akili nyingi kuona.

Ijumaa, 7 Machi
Kuosha sare, kupika, kupanga mfuko wa watoto. Kesho tunaenda Kajiado kumwona baba yao. Saitoti anaendesha lori la maji kule tangu Septemba. Ukame ulikuwa mbaya, sasa mvua imekuja na bado wanamwita kila siku. Hawezi kuja, kwa hivyo sisi ndio tunaenda. Kila Jumamosi. Karibu nilale nikiwa nimevaa viatu.

Leo nimemkuta Sanaipei akiongea na Kasaine kando ya barabara. Kimaasai. Baba yake alimfundisha, mimi sikushika zaidi ya salamu. Waliponiona wakanyamaza. Nimemvuta mkono mpaka nyumbani.

Mtu mzima anaongea nini na mtoto wa wenyewe?

Jumamosi, 8 Machi. Kajiado
Chumba cha Saitoti kina kitanda, jiko, na upepo. Watoto wamefurahi. Wamepanda lori, wamepiga honi, Lemayian amelala saa nane mchana akiwa na ndizi mkononi.

Nimemweleza Saitoti habari za Kasaine. Akauliza ni wa wapi. Nikasema watu wanasema Bissil. Akacheka. "Huyo hana shida. Si nyinyi mhamie huku tu? Pikipiki ziko pia Kajiado."

Amesema haraka sana, kama kitu alichokuwa amekiweka mdomoni akingoja.

Nimekaa kwa gari tukirudi nikiunganisha mambo. Saitoti anataka nifunge kibanda tangu mwaka jana. Kasaine anatoka huko huko chini. Wanaongea lugha moja. Na sasa kazi yangu inaharibika nati moja baada ya ingine. Sitaki kufikiria hivyo juu ya bwana yangu. Nimefikiria hivyo mpaka Isinya, na kutoka Isinya mpaka nyumbani.

Jumanne, 11 Machi
Wafula, mwingine wa boda, ameanguka.

Gurudumu la nyuma limehama likiwa kwa mwendo, pale mteremko wa kwenda kwa machimbo ya mawe. Mguu umevunjika. Alikuwa peke yake, namshukuru Mungu. Alitoka kwangu jana saa kumi.

Wenzake wamekuja kibandani, wamesimama tu. Nimewaambia mimi si mjinga, najua kukaza nati. Nimewaambia waangalie vizuri nani anapita hapa nikienda shule. Pikipiki zikimaliza kutengenezwa huwa naziegesha nje, na kwa hiyo nusu saa hakuna mtu wa kuzichunga.

Sikutaja jina. Lakini wote waligeuza shingo ng'ambo ya barabara.

Jumatano, 12 Machi
Kasaine amevuka kuja kwangu asubuhi, mikono imefutwa vizuri. Nikawasha pikipiki ya mteja, nikapiga resi. Amesimama, akangoja. Nikaongeza. Moshi, kelele, watu wa mboga wameziba masikio. Mwisho akarudi kwake.

Roho yangu imefurahi. Naandika ukweli.

Alhamisi, 13 Machi
Mtu akipita karibu na kibanda nashtuka. Nimemshuku hata mama wa uji.

Pikipiki yangu mwenyewe ilipata pancha. Sikuitengenezea kibandani. Nimeisukuma mpaka nyumbani, geti nikafunga, nikatoa gurudumu uani nikiwa na watoto. Lemayian akajichoma na sufuria ya chai, si sana. Nimemkimbilia, nikamwagia maji, nikambembeleza. Halafu nikaingiza pikipiki ndani ya nyumba, imesimama kati ya kochi na meza. Huku hataifikia.

Sanaipei alianza kusema, "Mum, Kasaine alisema..." Nikamkata. Nikamwambia maneno ya yule mtu yasiingie ndani ya nyumba hii. Akainamia kitabu chake.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemshika.

Sikwenda shule saa tisa na nusu. Nilimtuma mama wa uji achukue watoto, nikajificha nyuma ya kiosk. Na kweli akavuka. Akaangalia kushoto na kulia. Akachuchumaa kwa pikipiki ya Kioko niliyokuwa nimeegesha, akatoa spana mfukoni, akaishika nati ya nyuma.

Nilipiga kelele ambazo sikujua niko nazo. Vijana wa boda wa pale stage wamekuja mbio. Aliinua mikono. Akaniita mama Sanaipei kwa Kimaasai, "Ngoto Sanaipei, ngoja. Waambie wangoje." Sikusema kitu. Mtu akamgonga na helmeti, mwingine na mti wa kufungia mzigo. Alikinga kichwa kwa mkono, na huo mkono nikausikia. Sauti kama kuni kavu.

Wazee wawili wa soko ndio walimtoa. Kibanda chake kimevunjwa, vijana wamegawana spana zake.

Nilidhani nitalala vizuri leo.

Jumamosi, 15 Machi. Kajiado
Lazima niandike pole pole.

Saitoti alikuwa na nusu siku tu. Nikaona tukingoja gari tutamkosa. Nikatoa pikipiki yangu ndani ya nyumba, nikamfunga Lemayian na leso mgongoni, Sanaipei nyuma yake. Nimeenda taratibu, malori yakija nashuka kando.

Kabla ya Isinya nikahisi mkia wa pikipiki unacheza. Kidogo, kama samaki. Nikadhani ni upepo. Halafu lori la saruji likatupita na pikipiki yote ikayumba. Nikashika breki ya mbele pole pole, nikateremka kwa nyasi. Hatukuanguka.

Nati ya ekseli ya nyuma ilikuwa imebaki kwa nyuzi za mwisho. Nimeigusa kwa kidole, ikaniangukia kiganjani.

Nilikaa chini. Kondoo wa mtu walikuwa wanapita, mchungaji akatusalimia. Hiyo pikipiki hakuna mtu aliigusa. Geti lilifungwa. Ililala kati ya kochi na meza. Ni mimi peke yangu. Nilirudisha gurudumu, nikashika nati kwa vidole ili nikaze na spana, Lemayian akalia. Nikaenda. Nikarudi, nikafuta mikono, nikaona kazi imeisha.

Na hivyo ndivyo kila siku saa tisa na nusu.

Sanaipei alikuwa amesimama karibu yangu. Nikamuuliza, "Kasaine alisema nini?"

"Alisema nikuambie ukienda kutuchukua unasahau kukaza. Ati yeye huwa anakukazia, lakini zingine zinamponyoka." Halafu akaniambia, "Ulisema maneno yake yasiingie kwa nyumba."

Nimekaza nati. Nimeikaza tena. Tumefika Kajiado kwa mwendo wa punda. Saitoti aliniangalia usoni, akawabeba watoto wote wawili, hakuniuliza kitu mpaka walipolala mchana. Nimemwambia yote. Hata yale niliyomfikiria yeye. Akasema tu, "Mimi nilitaka mhamie kwa sababu umekonda."

Jumatatu, 17 Machi
Nimeenda stage saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakiwa wote. Nimewaambia nati zilikuwa zangu. Ya Kioko, ya Wafula, zote. Kasaine alikuwa anakaza, hakuwa anafungua.

Kioko akauliza: "Na mkono wa yule sasa?"

Mmoja akacheka, si kwa furaha. Mwingine akasema tulimpiga kwa sababu yako. Nikasema ndiyo. Nikasema pia mikono iliyompiga haikuwa yangu, na hapo nikajuta, kwa sababu hata kama ni kweli mimi sikustahili kuisema.

Nimeomba spana zake. Wengine wamezitoa chini ya kiti hapo hapo. Wengine wamesema hawajui.

Mchana nimeenda kumwona Wafula kwao. Amelala kwa godoro, plasta mpaka gotini. Nimepiga magoti. Amesema, "Nilikuwa naenda kuchukua watoto wa watu shule, Mama Sana. Watatu. Ingekuwa dakika kumi baadaye, ningekuwa nao." Akageukia ukuta. Mama yake amenisindikiza mpaka mlangoni bila kunitukana. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 20 Machi
Kazi mbili leo. Jana moja. Nawaelewa.

Wazee wa soko wamesema Kasaine amerudi kwao Bissil. Nimezunguka kila jioni na watoto, nyumba kwa nyumba, nikitafuta spana zake. Nyundo nimeipata kwa muuza kuku. Pampu ilikuwa kwa kinyozi. Lemayian anafikiri ni mchezo, akipata moja anapiga makofi. Msumeno wa chuma haujaonekana.

Jumamosi, 22 Machi. Bissil
Saitoti ameomba ruhusa. Tumepita Kajiado kumchukua, tukaendelea wote wanne mpaka Bissil, tukauliza boma la kina Kasaine.

Mama yake ametupa chai kabla ya kujua sisi ni nani. Alipojua, hakuninyang'anya kikombe.

Kasaine alikuja kutoka kwa mbuzi, mkono wa kulia umefungwa kwa shingo. Watoto wakainamisha vichwa wasalimiwe, akawagusa na mkono wa kushoto. Amevimba uso upande mmoja, jicho bado jekundu. Nimeweka mfuko wa spana chini. Maneno niliyopanga njia nzima yamepotea. Nimesema, "Nimekosea. Nimekukosea sana." Nikalia mbele ya watoto.

Alichutama, akatoa spana moja moja kwa mkono mmoja, akizipanga juu ya ngozi ya mbuzi. Akauliza msumeno uko wapi. Nikasema sijaupata, nitaleta mwingine. Akatikisa kichwa.

Halafu akasema, "Nilituma mtoto. Nikaja mwenyewe, ukaniwashia injini. Nikasema basi, huyu mama ako na haraka, nitakaza tu kimya kimya, watu wasianguke." Akamwangalia Saitoti, akasema kitu kwa Kimaasai. Saitoti akainamisha kichwa.

Nimemuuliza atarudi lini. Amesema hatarudi. Hakusema kwa hasira. Mkono ukipona atafungua hapo hapo Bissil, karibu na soko la mbuzi.

"Lakini ungeniuliza," akasema. "Hiyo tu. Swali moja."

Nikakunja ule mfuko mtupu.

Njiani nimemuuliza Saitoti Kasaine alimwambia nini kwa Kimaasai. Amesema: "Msaidie mke wako, amebeba mizigo miwili, kibanda na watoto."

Jumatano, 2 Aprili
Mvua ya asubuhi, jua mchana. Pale ng'ambo palipokuwa na kibanda cha Kasaine wanauza makaa sasa. Pikipiki tatu leo. Kioko ameleta yake. Alisimama karibu na spana yangu mpaka mwisho, na mimi nikamwacha asimame.

Saitoti ameongea na mwenye lori. Kuanzia mwezi ujao atakuwa huku Jumamosi na Jumapili. Hatutakuwa tunasafiri kila wiki. Lemayian amelia kwa sababu ya honi ya lori.

Saa tisa na nusu nilikuwa na gurudumu mkononi. Sikuliacha. Nimelirudisha, nimekaza, nimelizungusha, nimeosha mikono. Nimefika shule saa kumi na robo. Watoto wote walikuwa wameenda isipokuwa wangu, wamekaa kwa jiwe nje ya lango, mlinzi anawagawia mahindi ya kuchoma.

Lemayian hakuwa analia. Alikuwa na masizi ya mahindi mpaka kwa pua.

"Umechelewa," Sanaipei akasema.

Nikasema ndiyo. Nikachukua mifuko yao. Tukarudi kwa miguu, tukiruka madimbwi.