Nta ya Baba Kichwani Mwangu

Runazi, 14 Julai 2024

Mwanangu Anneth,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, mama yako mzima, mahindi tumevuna na muhogo tumeanza kuanika. Masikio yangu ni yaleyale, kwa hiyo usihangaike kunipigia simu, utapiga kelele hadi abiria wako wakimbie. Niandikie, umpe konda Celestini, yeye hapotezi kitu. Wewe hali yako? Kazi ya kukata tiketi hapo Kabanga inakwendaje? Vumbi la malori halijakumaliza kifua?

Sasa nisikilize. Tangu ulipokuja nyumbani na hizo dredi nimesema mengi, na mwaka jana wote sikukuandikia hata mstari mmoja. Unajua kwa nini, na mimi najua, tusirudie huko. Juzi tumerina asali. Wiston, yule kijana wa kikundi chetu cha wafuga nyuki, akaniambia kwamba watu wa dredi mjini wanatafuta nta kuliko hata asali yenyewe, wanapaka nywele zishikane vizuri. Nikasema, kumbe! Nina binti mwenye dredi, nina nta ya kumwaga, na nimekaa tu kama mjinga.

Basi nimeyeyusha mwenyewe, nikachuja kwa kanga ya mama yako (amenifokea siku nzima), nikatia na samli ya ng'ombe ilainike, maana bibi yako alijipaka samli kichwani maisha yake yote na nywele zake uliziona. Kopo hilo hapo. Paka bila ubahili. Ikiisha, sema.

Ni mimi baba yako,
Anatoli

Kabanga, 4 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kizima, kazi ipo na mabasi yanajaa. Nafurahi kusikia mmevuna salama. Mwambie Mama kanga nitamletea nyingine, ya rangi anayoipenda.

Baba, barua yako nimeisomea dirishani kwenye ofisi ya tiketi, nikashindwa kujizuia. Abiria wakadhani nimefiwa. Mama mmoja wa Ngara akaanza kunipa pole, nikamwambia hapana mama, ni baba yangu ameniandikia. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Nimepaka siku hiyohiyo. Kichwa kizima. Nilikuwa nasikia harufu ya nyumbani kila nikigeuka. Asante Baba. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Mwanao,
Anneth

Runazi, 1 Septemba 2024

Anneth binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, mvua tunaingoja, mama yako anakohoa kidogo lakini mdomo wake haujapungua nguvu. Anakusalimu.

Barua yako nimemsomea Wiston mara mbili, nikamsomea na Gaudence wa dukani, naye hakuomba kusomewa. Nakutumia kopo la pili, kubwa. Safari hii samli nimezidisha. Usinihurumie, nta ipo.

Umesema ulilia. Na mimi hapa moshi wa jikoni uliniingia machoni siku hiyo.

Baba yako,
Anatoli

Kabanga, 20 Oktoba 2024

Shikamoo Baba,

Samahani nimechelewa kuandika, kazi ilikuwa nyingi. Mimi mzima. Mama kikohozi kimekwisha?

Kopo la pili limefika. Nta nzuri Baba, inashika kweli. Nimepaka kama ulivyosema. Sina la zaidi leo, basi liko karibu kuondoka.

Mwanao,
Anneth

Runazi, 10 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amepona, mvua imeshuka, maharage tumepanda.

Barua yako ilikuwa fupi lakini imenitosha. Inashika kweli! Hayo maneno nimeyasema baada ya Misa, pale nje watu wanaposalimiana. Nikawaambia, mnaziona dredi za Anneth wangu ambazo mlikuwa mnazisema? Zinatunzwa kwa nta ya baba yake. Kikundi tumekubaliana nta ya msimu huu wote tuitie kwenye makopo madogo, tuchanganye na samli kama yako, uwauzie watu wa dredi hapo mpakani, na wa ng'ambo Burundi. Wiston anataka picha yako tuibandike kwenye kifuniko, kichwa kionekane vizuri. Piga upesi utume.

Miaka yote hiyo nilikuwa nakuonea aibu, mwanangu. Sasa natembea kifua mbele.

Baba yako,
Anatoli

Kabanga, 17 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, na nawaombea ninyi uzima. Lakini barua hii imenitoa jasho. Karatasi ya kwanza nimeichana, na ya pili pia.

Baba, msitie nta kwenye makopo. Nakuomba. Picha siwezi kutuma. Ungeuona huu utosi wangu ungesema mtoto ametumbukia kwenye sufuria.

Nta imeingia ndani ya dredi na haitoki. Mwanzoni zilikuwa zinang'aa, nikafurahi. Baadaye zikaanza kunata. Vumbi lote la malori linalopita hapa liko kichwani kwangu, na nyuzi za blanketi, na sijui vitu gani vingine. Ukiibana dredi moja inatoka tope jeupe, na harufu ya samli iliyochacha. Nilioga kwa sabuni ya kipande, nikaoga kwa shampuu, maji yanateleza tu juu kama kwenye mgongo wa bata. Asubuhi moja niliamka sisimizi wamejipanga kwenye mto wangu, wanapanda. Juzi abiria aliinama dirishani, akanusa, akaniuliza kama tunauza na maziwa. Nilicheka naye, halafu nikaenda chooni nikalia.

Nilikwenda kwa Nduwayo, yule Mrundi anayesokota dredi hapa sokoni. Akanusa, akauliza nani amenipaka kitu hiki. Nikasema nimenunua. Baba, nilishindwa kukutaja. Akanisafisha kwa maji ya moto na siki, kikatoka kidogo tu. Akasema nikate nianze upya.

Unakumbuka nilipougua homa ya matumbo nikiwa kidato cha nne, nywele zote zikadondoka, ukanibeba mgongoni hadi zahanati kichwa kikiwa kitupu? Hizi ndizo zilizoota baada ya pale. Niliapa sitazigusa kwa mkasi. Ndiyo maana niligombana na wewe mwaka mzima sikukubali kuzikata, na sikuwahi kukueleza. Niliona utanicheka.

Nilikuambia inashika kweli kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza unanitumia kitu kwa ajili ya nywele hizi. Nilitaka uendelee. Nisamehe Baba, nimekufanya uwatangazie watu uongo wangu.

Mwanao,
Anneth

Kabanga, 15 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nimengoja jibu lako, kila basi la kutoka huko nakwenda kumkagua Celestini mikono. Anasema hajapewa kitu. Nimempigia Mama, naye anacheka tu, anasema muulize mwenyewe, yuko nyuma ya nyumba na mambo yake.

Nimeelewa Baba. Umekasirika, na una haki. Umeaibika mbele ya watu wa kanisani na mbele ya kikundi, kwa sababu yangu.

Basi nimepanga na Nduwayo, Jumamosi hii jioni nikifunga ofisi ananikata zote. Nimechoka. Kichwa kinawasha hadi silali. Na hizi dredi zimeshatutenganisha mara moja, sitaki mara ya pili. Afadhali nibaki na kipara na Baba yangu.

Krismasi nitakuja. Kama hutaki kuniona, mwambie Mama aniambie.

Mwanao akupendaye,
Anneth

Runazi, 20 Desemba 2024

We Anneth!

Marahaba. Wote wazima. Salamu zimekwisha, sasa weka mkasi chini.

Nani kakwambia nimekasirika kwa ajili ya nta? Ngoja nikueleze nilichokuwa nafanya nyuma ya nyumba, maana mama yako ameshanitangaza kijiji kizima.

Barua yako ya Novemba nilipoisoma, nilisema huyu mtoto anadeka, nta gani isiyotoka? Nikachota nta ileile ya samli iliyobaki huku, nikajipaka ndevu. Ndiyo, ndevu zangu hizi. Nikapaka kama nilivyokuambia upake, bila ubahili. Loo! Wiki haijaisha, nzi wananisindikiza hadi shambani. Ugali ukigusa ndevu haubanduki. Padre alinisalimia kwa mbali. Mama yako akasema nikalale na mbuzi, halafu akacheka hadi akakaa chini.

Nikasema sawa, aliyeitia ndiye atakayeitoa. Maji baridi na sabuni, bure. Magadi, yakanichubua kidevu, na usithubutu kuyaweka kichwani. Halafu nikajiuliza, mimi siku zote nta ikinigandia mikononi naitoaje? Kwa mafuta. Nikapasha mafuta ya alizeti yawe vuguvugu, nikayasugulia ndani, nikafunga kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, nikakamua na kufuta. Kitambaa kikatoka na uchafu wa njano. Kesho yake tena. Na tena. Mwisho ndiyo sabuni, sasa inatoa povu. Inachosha mno na inataka mtu wa pili, maana mwenyewe huoni unachokifanya. Jana nimenawa ndevu zikawa kavu. Ndiyo maana sikuandika. Ningeandika nini? Pole? Pole haitoi nta.

Kikundi nimewaambia. Nimesimama palepale nje ya kanisa, nikawaambia nta hiyo ni ya mishumaa, kichwani imemtesa binti yangu. Wiston amenuna, atachoka kununa. Hilo lisikuumize hata kidogo.

Lililonikasirisha ni moja. Umekaa miezi na mateso kichwani, sisimizi wanakupanda, ukiogopa kumwambia baba yako. Mimi si mgeni wa kufurahishwa, Anneth. Mimi ni baba yako. Nikikupa kitu kibaya, nirushie.

Na hilo la homa ya matumbo. Mwanangu, siku ile nakubeba, nilikuwa nahesabu pumzi zako mgongoni. Nywele zilipoota nilimshukuru Mungu. Ulipozisokota nikaona umezichezea. Sikujua kwamba mimi na wewe tulikuwa tunashukuru jambo lilelile. Ungeniambia. Au ningekuuliza. Nakuambia sasa, nikiwa na akili timamu: dredi zako ni nzuri. Zilikuwa nzuri tangu siku ile uliyoingia nazo uani nikageuza uso.

Zitakazogoma kusafika tutazikata. Zitakazokubali zitabaki. Lakini hakuna kukata kabla sijajaribu kwa mikono yangu.

Konda akishuka, Anneth, usimkague mikono. Barua hii sijampa. Nimepanda nayo basi mwenyewe, na chupa ya mafuta ya alizeti, na vitambaa, na nguo za kulalia, maana kazi hii si ya siku moja. Ukifika mstari huu inua kichwa. Mzee aliyekupitishia karatasi dirishani hataki tiketi.

Baba yako